Tupeane uzoefu: wenye aleji, stress ikipanda mwili wako unafanyaje?

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa ukurutu tangu utotoni, mikunjo ya viwiko ndiyo makao yake. Mwisho wa mwezi tukifunga hesabu ofisini, nawashwa hadi nalala nimevaa soksi mikononi. Chakula kilekile, sabuni ileile.

Kinachonishangaza ni hiki: kortisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo huimwaga tukiwa na msongo, hutuliza uvimbe. Hidrokotisoni, ile krimu tunayopakaa, ni homoni hiyohiyo! Si stress ingekuwa dawa basi? Daktari wa ngozi akanieleza kwamba kwa baadhi yetu mwili hautoi kortisoli vizuri. Mwaka 1997 huko Ujerumani, watoto wenye ukurutu walisimamishwa mbele ya watu wasimulie hadithi na kupiga hesabu kichwani. Wakapimwa mate: kortisoli yao haikupanda sana kama ya wenzao wasio na aleji. Leteni yenu.

MamaPacha: Mwanangu ana pumu. Kifua kilikuwa kinambana usiku wa manane, bibi yake akasema kuna mkono wa mtu. Nesi ndiye aliyetufungua macho: kortisoli hushuka sana usiku, na njia za hewa nazo husinyaa. Ilipokaribia mitihani ya darasa la saba hali ikazidi, analala ameegemea mito. Sasa anavuta ile pampu ya kuzuia kila siku, hata akiwa mzima. Ile ya bluu tunaiweka kwa dharura.

Chapombe_Mstaafu: Mimi stress haihusiki. Nilikuwa fungate Zanzibar, raha mustarehe, nikala kamba, midomo ikawa kama ya kambare.

Mleta mada: 😂 Pole mkuu. Ila hiyo ikija na kubanwa pumzi ni ya kukimbizwa hospitali.

Mswahili wa Kisauni: Ndugu yangu alikuwa na mafua ya aleji, kila vumbi likitimka anapiga chafya mpaka machozi. Akazoea kununua prednisoloni (vidonge vya steroidi, yaani dawa inayofanya kazi kama kortisoli) dukani bila cheti, miezi na miezi. Siku alipoziacha ghafla alilegea, akatapika, kizunguzungu hakiishi. Kupimwa damu asubuhi, kortisoli iko chini kabisa. Tezi zilikuwa zimezoea kufanyiwa kazi. Alirudishiwa vidonge, akapunguziwa polepole.

Binti Mkorogo (nimeacha): Na zile krimu za kung'arisha zenye klobetasoli, steroidi kali ya kupaka? Zinapenya mwilini vilevile, tena tunajipaka mwili mzima.

Kaka Jose: Nataka nikapime kortisoli yangu, niende saa ngapi?

Mleta mada: Muone daktari kwanza, Jose. Kwa kawaida asubuhi iko juu na usiku iko chini, kwa hiyo namba bila saa haina maana. Na kama unapaka, unavuta au unameza steroidi yoyote, mwambie kabla hajakutoa damu.