Ulimi wa Bibi (kikundi: Wa Ngamiani Popote Walipo)

*Jumatano*

Mwanaidi: Asalaam aleikum wa nyumbani. Mama kaniamsha saa nane usiku, ulimi umemganda kwenye kaakaa, hata kuniita hakuweza. Kagonga ukuta kwa bakora. Nilipompa maji ndipo ukabanduka. Usiku wa tatu huu.

Mama Salma Muscat: Waaleikum salaam. Na mchana?

Mwanaidi: Mchana afadhali, ila chakula hakishuki. Jana kajaribu muhogo wa kuchoma, kautafuna mpaka ukawa unga mtupu mdomoni, kautema. Anasema meno yake ya bandia ya juu yanacheza kama viatu vya kuazima 😅

Hamza: Msikilizeni huyu 👇
[sauti, imesambazwa mara nyingi]
Kitunguu swaumu, ndimu na asali, kijiko kimoja kabla ya kulala. Na maji lita 5 kwa siku.

Mwanaidi: Lita 5, na wa kumpeleka chooni usiku ni wewe?

Athumani Mombasa: Hilo joto na feni tu. Mie nikiamka baada ya miraa, mdomo ni msasa.

Mama Salma Muscat: Kaka, ya kwako sababu yake tunaijua. Mama hatafuni miraa.

Athumani Mombasa: Natoa mfano tu dada angu.

Rukia: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa dirishani hapa duka la dawa, wateja hawaishi leo. Hamza, ndimu usimpe. Mate yatatoka kidogo, kweli, lakini mdomo mkavu hauna cha kuiosha ile asidi, itabaki inakula meno yake machache aliyobaki nayo. Mama mdogo, naomba picha ya dawa zote anazokunywa Bibi. Zote, hata za chini ya mto.

Mama Salma Muscat: Anza na sukari mwanangu. Babu yako ilimwanza hivihivi, kiu na kukojoa usiku kucha.

Rukia: Kweli mama, hiyo lazima ipimwe. Mama mdogo, kesho kabla hajanywa chai mtoboe kidole.

*Alhamisi*

Mwanaidi: Nimeazima kipimo kwa jirani. Hajala tangu usiku. 5.4

Rukia: Alhamdulillahi. Ingefika 7 tungempeleka hospitali warudie. Picha?

Mwanaidi: [picha]

Rukia: Haya, naisoma kwenye sinia. Dawa ya presha. Kibahasha kimeandikwa kwa kalamu AMITRIPTYLINE 25 mg, 1 usiku. Kadi ya Piriton, vimebaki vidonge viwili. Na kopo zima la pipi kifua 😳 Piriton ya nini?

Mwanaidi: Alipata mafua kabla ya Maulidi. Akaona inampa usingizi, akaendelea. Mimi mwenyewe humnunulia, nilijua haina neno.

Rukia: Na hiyo ya kwenye kibahasha?

Mwanaidi: Ya miguu kuwaka moto. Alipewa kliniki, mwezi wa nne sasa. Inamsaidia lakini.

Rukia: Basi hapo ndipo penyewe. Tezi za mate hazitoi mate mpaka neva iziamrishe. Vidonge hivi viwili, Piriton na hiyo ya miguu, kila kimoja peke yake kinaizuia ile amri. Akivimeza pamoja saa tatu usiku, saa nane ulimi umeshika dari. Tezi zenyewe huenda hazina ubaya wowote. Samahani kuuliza hapa, choo anapata?

Mwanaidi: Siku ya nne leo.

Rukia: Umeona. Ni dawa zilezile, na utumbo nao zinaulaza. Zinaweza pia kumlevya akaanguka akiamka usiku, kwa umri wake.

Mwanaidi: Mama yuko hapa nimemsomea. Anasema mambo ya choo chake mnayaleta mbele ya wakwe??

Athumani Mombasa: 😂😂 Basi aache zote leo hii.

Rukia: Hapana mjomba. Piriton ndiyo, asiinywe tena. Lakini ya miguu ameizoea miezi minne, haikatwi ghafla. Arudi kliniki na sinia zima, si kwa maelezo ya mdomo. Aliyempa ya miguu hakujua habari ya Piriton, wala dukani hakuna aliyeuliza. Ya presha isiguswe.

Mama Salma Muscat: Huku kuna dawa ya kupulizia mdomoni, mate ya bandia. Namtumia na mgeni wa Ijumaa. Na bigijii?

Rukia: Ya kupulizia sawa, itamfaa usiku. Bigijii isiyo na sukari inaleta mate kweli, ila kwa Bibi itang'oka na meno ya bandia 🙈 Mama mdogo, hayo meno anayavua akilala?

Mwanaidi: Mara moja moja.

Rukia: Avue kila usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji. Kisha mmulike ulimi na kaakaa kwa tochi. Ukiona utando mweupe, au wekundu palipokaa meno, hiyo huenda ni fangasi, mate yakipungua inapata nafasi. Hiyo ina dawa yake, wamwone hukohuko kliniki.

Mwanaidi: Nimemulika. Hakuna weupe. Ulimi umepasukapasuka tu kama tope la jua kali.

Rukia: Maji awe anakunywa funda moja moja mchana kutwa, si kujaza tumbo usiku. Feni igeuziwe ukutani. Muhogo mpikie wa nazi, mchuzi uwe mwingi. Na pipi kifua mnyang'anye. Anazimung'unya ngapi?

Mwanaidi: Kopo halimalizi wiki.

Rukia: Hiyo sukari inakaa siku nzima kwenye jino lisilooshwa na mate. Litaoza shingoni, pale linapokutana na fizi. Mnunulie dawa ya meno yenye floridi.

Hamza: Kwa hiyo asali nayo hapana?

Rukia: Hamza.

*Jumanne*

Mwanaidi: Tumetoka kliniki. Ya miguu kapunguziwa, nusu kidonge kwa wiki mbili halafu arudi waone. Daktari kaipekua sinia nzima, akacheka kukuta kifungo cha shati ndani.

*Jumapili*

Mwanaidi: Jana hakugonga ukuta. Miguu imemsumbua kidogo jioni, nikamkanda. Kaamka mara moja, kapulizia dawa ya Muscat, karudi kulala. Choo tayari, nisiulizwe tena.

Mama Salma Muscat: Alhamdulillahi ya Rabbi.

Bibi: [sauti, sekunde 19]

Athumani Mombasa: Nipo barabarani, kasemaje?

Mwanaidi: Anasema kala kashata nzima bila kushushia maji. Na anauliza nani kachukua kopo lake, zilikuwa zimebaki pipi tisa.