Je, KIPPRA ina usemi gani katika kupanga mishahara na sera za ajira?

Mwakilishi wa Karakana, Industrial Area:
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika karakana ya ushonaji karibu na barabara ya Enterprise. Kila Leba Dei inapopita wenzangu huniuliza asilimia ya nyongeza ya mshahara iliyotangazwa ilipatikana wapi, nami sina jibu la kuwaridhisha. Nafahamu kwamba serikali ina taasisi yake ya utafiti wa sera, yaani KIPPRA, ambayo huandika ripoti kuhusu ajira na uchumi. Je, ripoti hizo huamua chochote, au huwekwa tu kabatini? Na je, mfanyakazi wa kawaida ana njia yoyote ya kuwafikia wanaoziandika?

Mchambuzi wa Kilimani:
Ndugu, tuanze na sheria. KIPPRA iliundwa mwaka wa 1997, ikaanza kazi 1999, na ikapata sheria yake yenyewe mwaka wa 2006. Kazi yake ni kufanya utafiti na kuishauri serikali. Haina mamlaka ya kupanga mshahara wa mtu yeyote. Kima cha chini cha mshahara hupitia njia nyingine, iliyowekwa na Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007, ambapo mabaraza ya mishahara, yenye wawakilishi wa wafanyakazi, wa waajiri na wanachama huru, hupima gharama ya maisha, mahitaji ya mfanyakazi na familia yake na hali ya uchumi, kisha humpa Waziri wa Leba mapendekezo. Hata tangazo la Rais uwanjani halimlazimu mwajiri kulipa hadi agizo lichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ndiyo maana nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei 2024 ilianza kutumika Novemba, na katika miezi hiyo sita wengi walidhani wamedhulumiwa na waajiri wao.

Hata hivyo, nisingesema ripoti hizo ni za kabatini. Sheria inaitaka taasisi iandae ripoti ya uchumi wa nchi kila mwaka, na maofisa wanaotayarisha bajeti huisoma. Ninachokiona kuwa udhaifu ni kwamba taasisi iko chini ya wizara ya fedha na mipango, kwa hiyo suala la kazi huelekea kutazamwa kwanza kama suala la ukuaji wa uchumi, na hali ya mfanyakazi mwenyewe hufuata baadaye.

Mwalimu wa Historia, Eastleigh:
Naomba niongeze jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Nguvu ya mtafiti haiko katika pendekezo la mwisho. Iko katika kuamua nani ahesabiwe. Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, ukitumia pia kazi ya watafiti wa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ripoti hiyo ilisema kwamba mafundi na wachuuzi ambao maofisa waliwaona kuwa kero mjini walikuwa wakifanya kazi halisi, yenye manufaa kwa uchumi, na kwamba walistahili kusaidiwa badala ya kufukuzwa. Serikali ilijibu kwa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1973 kuhusu ajira, lakini waraka mahususi wa biashara ndogo na jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, ulikuja 1992. Karibu miaka ishirini! Leo takwimu rasmi zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukiacha wakulima wadogo na wafugaji, iko katika jua kali, na huko agizo la kima cha chini halifiki kwa urahisi.

Mama wa Chama, Kariobangi:
Nimekaa katika vyama vya wafanyakazi muda mrefu, na nakubaliana na Mwalimu. Tazama agizo la kima cha chini la 2022: kibarua wa Nairobi aliwekewa shilingi 15,201.65 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba, ilhali yule wa maeneo yaliyo nje ya miji aliwekewa 8,109.90. Unga wa ugali hauuzwi nusu bei huko nje. Tofauti hiyo imerithiwa kutoka agizo moja hadi lingine kwa sababu kila nyongeza ni asilimia ileile juu ya viwango vya zamani. Hapo ndipo ningetaka taasisi ya serikali itumie watafiti wake: wapime upya msingi wenyewe, wasisubiri kujadili asilimia tu. Nawe mwanangu, usiende na malalamiko matupu. Nenda na hesabu.

Mwakilishi wa Karakana, Industrial Area:
Asanteni sana, na shikamoo Mama. Wanachama wetu wengi hupanga vyumba Mukuru, kwa hiyo nitawaomba waandike kodi, nauli na chakula cha mwezi mzima, bila kutaja majina. Nakala moja nitaipeleka kwa wawakilishi wetu katika baraza la mishahara na nyingine KIPPRA, barabara ya Bishops. Je, Mama, ungekubali kuipitia kabla sijaituma?