Klasi ipi ya manowari (yaani meli za muundo mmoja) ni kali kuliko zote? Mi Yamato naitoa

Wadau, kila tukianza hii mada lazima mtu aje na Yamato, zile manowari kubwa za Japani za Vita vya Pili vya Dunia, oh mizinga ya milimita 460, oh tani zaidi ya 70,000. Ukubwa sibishi. Ila iliifanyia nini Japani? Musashi ilimalizwa na ndege Oktoba 1944, Yamato yenyewe ikafa kifo hichohicho Aprili 1945, na ya tatu, Shinano, waliigeuza ya kubebea ndege ikapigwa topido (kombora la chini ya maji) na nyambizi siku kumi tu tangu iingie jeshini. Chuma chote kile!

Mi namba moja nawapa Fletcher, destroya za Marekani, manowari ndogo za kasi. Zilijengwa 175, vimeli vya tani elfu mbili na kitu, mizinga mitano ya milimita 127. Sasa cheki vita vya Samar huko Ufilipino, 25 Oktoba 1944, Kamanda Ernest Evans wa Johnston, Fletcher mojawapo, kaona kundi la Wajapani linakuja na Yamato imo, hakungoja amri, kageuza kaliendea, topido zake zikaing'oa pua Kumano, manowari ya Wajapani. Wenzake nao wakarusha zao, Yamato hiyo hiyo mnayoisifia ikakimbilia kaskazini kuzikwepa.

— Hapo unamsifia nahodha, sio klasi. Mi nasema Queen Elizabeth, manowari kubwa za Waingereza. Mojawapo, Warspite, ilikuwepo vita vya Jutland 1916, na 1944 bado inashindilia pwani ya Normandy. Miaka 28 kazini!

— Essex, zile za Marekani za kubebea ndege, mnaziruka kwa nini? Zilijengwa 24, adui hakuzamisha hata moja. Mojawapo, Franklin, iliungua Machi 1945, watu zaidi ya 700 wakafa, na bado ikafika New York kwa injini zake.

Ya nahodha naikubali nusu. Johnston ilikula makombora mazito mapema tu, injini moja ikafa, mwendo ukashuka nusu, usukani ikawa wanazungusha kwa mikono huko nyuma, na bado ikapiga zaidi ya saa mbili ndo ikazama. Ushujaa wa Evans sawa, lakini chombo kibovu kingemfia mapema. Warspite heshima yake ipo, ila hizo zilikuwa tano tu na mojawapo, Barham, ililipuka 1941.

Essex ndo imenikamata pabaya, hiyo sina jibu la haraka, ngoja niifikirie. Ila Yamato, hata kumi bora mi siiweki.