Mrejesho: cherehani nyepesi ya kushonea mablanketi ya viraka

Wapendwa, niliomba ushauri wa cherehani ninayoweza kubeba kwenda darasani, maana hapa Marekani naishi ghorofani na lifti hakuna. Asanteni, nimechukua Singer Featherweight 221 ya mtumba. Uzito wake ni kama kilo 5 tu, kwa sababu bodi ni ya alumini. Modeli hii ilianza kuuzwa 1933, lakini inashona kama ya jana!

Inapiga mshono mnyoofu pekee, zigizaga haina. Kwa kuunganisha viraka vya vitenge inatosha kabisa. Aliyesisitiza sindano ya unene wa 90/14 ubarikiwe. Shida ni kupitisha tabaka tatu, yaani kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini: nafasi kati ya sindano na mkono wa mashine ni finyu, blanketi la kitanda linabanwa. Hayo makubwa nayamalizia kwa mkono. Ya mtoto yanapita vizuri.

Dada aliyeuliza kuhusu kuipeleka Tanga: mota yake ni ya volti 110, nyumbani umeme ni 230. Bila transfoma ya kushusha umeme, usithubutu kuichomeka.