Probox ya petroli au Hiace ya dizeli: farasi zipi zinapanda mlima?

MkulimaKengeja
Assalaam alaykum. Msimu wa karafuu unakaribia, natafuta gari ya kupeleka mzigo kutoka Kengeja hadi Chake. Nimeonyeshwa mbili. Probox ya lita 1.5, injini 1NZ, nguvu ya farasi 109. Nyengine Hiace kongwe ya dizeli, injini 3L ya lita 2.8, farasi 91. Bei zinakaribiana. Mimi naona Probox ndiyo yenye nguvu, lakini kila dereva ninayemuuliza ananambia Hiace. Kwa nini?

FundiWete
Waalaykum salaam. Hizo 109 zinatoka injini ikifika mizunguko 6000 kwa dakika. Za Hiace zinatoka kwenye 4000. Nani anapanda mlima na magunia huku injini iko 6000? Tazama toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, kwa niutoni-mita: Probox 141 kwenye mizunguko 4200, Hiace 188 kwenye 2400. Zidisha toki kwa mizunguko, gawa kwa 9549, unapata kilowati. Kwenye 2400 Hiace inatoa kilowati 47, ndiyo farasi 64. Probox, hata tuikopeshe toki yake yote pale pale kwenye 2400, haivuki farasi 48.

DerevaKonde
Nimeziendesha zote mbili. Hiace inavuta taratibu, hailii.

BintiMkoani
Kaka fundi, gia umeisahau. Akirudi gia ya pili Probox inazunguka kasi na farasi zake zinatoka, ila kelele na mafuta atavijua mwenyewe. Tena ni nyepesi kuliko Hiace kwa mamia ya kilo. Farasi mmoja wa katalogi za Japani ni kunyanyua kilo 75 juu mita 1 kwa sekunde 1. Chukua mlima unaopanda mita 1 kila mita 10, mwendo kilomita 36 kwa saa. Probox na mzigo wake ikiwa tani 1.5, mlima unakula farasi 20. Hiace ikiwa tani 2.7, unakula 36. Zote zitafika juu. Suali langu ni mzigo: Probox imeandikiwa kilo 400. Una gunia ngapi?

MkulimaKengeja
Siku nzuri gunia 12, kila moja kilo 50.

BintiMkoani
Kilo 600. Basi Probox ni safari mbili, au uvunje springi.

FundiWete
La gia nakubali, dada. Lakini ndugu yangu, farasi 91 ni za injini ilipokuwa mpya, na zimepimwa kwenye injini yenyewe. Zikipita giaboksi na difu, kwenye tairi zinafika pungufu. Gari kongwe usiisomee katalogi. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne kwanza. Kisha ipakie, uipandishe mlima, utazame moshi: wa buluu ni oili inaungua, hiyo iache.

MkulimaKengeja
Ijumaa baada ya sala naijaribu Hiace na gunia 12 za mchanga. Fundi, njoo na geji yako ya kompresheni, nauli juu yangu.