UZI: Nakuru na Kisumu, mnahasi mbwa bila kuwapima. Huu ni upuuzi!

Wadau, imezidi sasa. Kuanzia Lanet hadi Kondele ni mtindo ule ule: mbwa analetwa, anadungwa sindano ya usingizi papo hapo, tumbo linapasuliwa, na hakuna aliyeinua mdomo wake akatazama fizi. Akivuja damu akafa jioni, mwenyewe anaambiwa "dawa ilimkataa". Ilimkataa vipi? Mlimpima nini kabla ya kumlaza?

Kupe ndio balaa kubwa huku kwetu. Yule wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za banda hubeba vijidudu viwili vya magonjwa ya damu: erlikia na babesia. Babesia huvunja chembe nyekundu: fizi zinapauka, mkojo unatoka kama strungi. Hiyo angalau inajionyesha. Erlikia ni laghai. Mbwa anaweza kukaa nayo miezi, hata miaka, anakula, anabweka, anafukuza boda, kumbe chembe sahani zinazogandisha damu zimepungua sana. Ukimkata, hata ufunge mishipa vizuri namna gani, damu inachuruzika kila ulipogusa kisu.

Na kuigundua erlikia hakuhitaji maabara ya Nairobi. Ni tone la damu kwenye kioo, rangi ya Giemsa ya kufanya chembe zionekane, na hadubini yenye lenzi ya mafuta ya 100. Hesabu chembe sahani katika maeneo kumi unayoyaona kwenye lenzi, tafuta wastani, zidisha kwa 15,000. Hayo ni makadirio kwa mikrolita moja ya damu. Mbwa mwenye afya huwa na 200,000 hivi kwenda juu. Ukiona mbili tatu tu kwa kila eneo, weka kisu chini. Mbwa huyo huanzishiwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28. Mbwa wa kilo 20 anameza miligramu 200 kila siku, baada ya chakula. Banda linapuliziwa dawa ya kupe, kisha damu inapimwa upya ndipo tarehe ya upasuaji ipangwe. Hapo hapo zungusha kirija cha damu kwenye mashine ya kutenganisha damu: chembe nyekundu ziwe kati ya asilimia 37 na 55 ya damu yote. Minyoo ya safura nayo inamnyonya mtoto wa mbwa mpaka kiwango hicho kinaanguka.

Uzito je? Mbwa wa kilo 14 akikisiwa kwa macho kuwa ni wa 20, anapewa dawa za usingizi, zailazini na ketamini, zaidi ya asilimia 40 juu ya kipimo chake, na zailazini yenyewe inapunguza mapigo ya moyo. Mizani ya bafuni inatosha: panda ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa. Hata hilo limewashinda?

Jike aliye kwenye joto, yaani msimu wa kutaka dume, mishipa yake ya kizazi imejaa damu. Kama hakuna dharura, ngoja miezi miwili mitatu. Aliyetoka joto wiki nne hadi nane zilizopita, anakunywa maji kupita kiasi na hataki chakula, huenda mji wa mimba umejaa usaha. Huyo anahitaji dripu kwanza na upasuaji wa haraka, si foleni ya Jumamosi. Tena damu ukeni si lazima iwe joto. Inaweza kuwa uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana, ambao hutibiwa kwa vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki.

Dume mwenye korodani moja tu chini ya mkia, ya pili iko kinenani au tumboni. Kuna wanaotoa ile inayoonekana na kusema kazi imekwisha. Huo ni wizi! Iliyobaki inaendelea kutoa homoni na ni rahisi zaidi kupata uvimbe.

Na nyinyi wenye wanyama msijifanye watakatifu. Mnampa ugali alfajiri halafu mnaapa hajala. Akitapika usingizini, matapishi yanaingia mapafuni. Mkubwa afunge saa 8 hadi 12, maji aachiwe mpaka asubuhi. Kitoto cha paka kisizidi saa 4, sukari yake hushuka upesi.

Atakayekuja hapa kusema vipimo vinapandisha bei, aweke bei yake wazi na aseme ndani yake kuna nini: mizani, kipimajoto, stetoskopu, kioo cha damu. Tunasubiri.