Apdeti imefuta njia zangu zote za mkato za kibodi, na hakuna aliyeniuliza

Wakuu, uzi huu ni wa hasira tupu. Anayetafuta maneno matamu apite tu.

Programu ninayochorea (jina naliweka kapuni, wanaoitumia wataijua) imejiapdeti yenyewe usiku. Asubuhi nafungua kazi ya mteja, nabonyeza Ctrl+D kuondoa uteuzi (lile eneo unalolizungushia ili brashi ipake ndani yake tu) kama mkono ulivyozoea. Kumbe siku hizi Ctrl+D inatoa nakala ya leya, yaani tabaka la mchoro! Nakala ikakaa juu ya leya ileile, mstari kwa mstari, huwezi kuiona kwa macho. Mimi huyo naendelea na kivuli cha shavu. Napaka, nafuta, na kila ninapofuta rangi ya chini iko palepale inanikodolea macho. Na uteuzi wenyewe haujaondoka. Vile vistari vinavyotembea pembeni huwa navificha ili nione ukingo vizuri, kwa hiyo brashi ikifika shingoni inagoma kupaka na sioni sababu. Nimebadilisha brashi, nimechomoa kalamu nikaichomeka tena, nimezima mashine nikawasha. Kumbe wamehamisha kitufe.

Halafu kuna hili la kugeuza picha. Kila anayechora uso anajua: unaigeuza picha kushoto-kulia mara kwa mara ili jicho lishtuke lione pua iliyopinda. Sasa kuna kugeuza mwonekano tu, ambako hakugusi mchoro, na kuna kugeuza leya yenyewe. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Wao wamechukua kitufe cha kugeuza mwonekano wakakipa kazi ya kugeuza leya. Nimebonyeza, nywele zimegeukia kulia, uso umebaki kushoto. Kugeuza mwonekano kwenyewe wamekuzika ndani ya menyu ya Tazama, ndani ya menyu nyingine ndogo, chini kabisa.

Najua kuna watakaosema "si uende kwenye menyu tu". Ndugu yangu, mkono wa kulia umeshika kalamu, wa kushoto uko kwenye kibodi. Kalamu ikipanda hadi juu ya skrini kutafuta neno kwenye orodha, ule mstari uliokuwa unauvuta umeshakufa. Ndiyo maana Z, X, C na V (kutendua, kukata, kunakili, kubandika) zimepangana palepale chini kushoto, mkono usihangaike. Mpangilio huo ulikuwepo tangu kompyuta ya Apple Lisa ya mwaka 1983, na watu wenye akili hawajaugusa.

Sisemi wasibadilishe kitu. Photoshop miaka yote ukibonyeza Ctrl+Z mara ya pili ilikuwa inakurudishia kile ulichotendua, na ukitaka kurudi nyuma zaidi ilibidi Ctrl+Alt+Z. Mwaka 2018 wakabadilisha, Ctrl+Z ikawa inarudi hatua baada ya hatua kama programu nyingine. Lakini kwenye dirisha la njia za mkato waliacha chaguo la kurudia mtindo wa zamani. Mzee wa kazi anatiki, maisha yanaendelea. Krita, programu nyingine ya kuchora, ni ya bure kabisa, na ndani yake kuna mpangilio wa vitufe unaofanana na wa Photoshop na mwingine wa watu waliozoea programu ya Paint Tool SAI. Kwa hiyo haya mambo yanawezekana. Hawa wetu tunaowalipa ndio hawataki.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lao: "Rejesha mipangilio ya awali." Mipangilio ya awali ndiyo hiyohiyo iliyonivuruga! Yangu niliyoipanga mwenyewe, kitufe kimoja kimoja, ndiyo waliyoifuta. Hata ujumbe wa "tunabadilisha vitufe, unakubali?" haukutokea. Kilichotokea ni dirisha la kunisifia rangi mpya za aikoni.

Sasa naomba msaada wa kweli. Mwenye kujua faili la njia za mkato linahifadhiwa folda gani aniambie, nataka kulinakili pembeni kabla ya apdeti ijayo. Na kama kuna namna ya kuizuia isijiapdeti bila ruhusa, mwaga hapa hatua zake. Ila atakayekuja kuniandikia "utazoea tu mkuu", tutakosana.